Nadhiri ya Gurudumu Moja

Magomeni, Bagamoyo
20 Juni 2024

Mjomba Mwinjuma,

Shikamoo. Bi Shufaa amenieleza kwamba siku ya Idi ulikwenda msikitini kwa miguu yako, bila mkongojo na bila kushikwa mkono. Nilipopata habari hiyo nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu, hadi mpangaji mwenzangu akauliza kama nimeingiwa na kitu. Alhamdulillahi. Miezi minne hii nimelala na kuamka na mshono wako.

Simu zangu hupokei, nami sikulaumu. Lakini nilipokuwa nakusaidia pale kibandani ulikuwa ukisema, "Kazi isiyoandikwa haina mwenyewe," na kila aliyeleta baiskeli ulimwandikisha kwenye karatasi, ukaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Basi nami nakuja kama mteja mwingine yeyote. Barua anakuletea Ishaka, konda wa basi la Mkange.

Nataka gurudumu. Ile baiskeli yangu ya gurudumu moja, ninayofanyia maonyesho na kikundi chetu cha sarakasi, ni ya inchi ishirini. Hiyo ndiyo ya kujifunzia na ndiyo ya jukwaani. Ni nyepesi, ukitaka kugeuka inageuka, ukitaka kurukaruka inaruka, na ukianguka unaanguka karibu. Lakini haina safari. Pedeli zimeungana na gurudumu lenyewe, hakuna mnyororo wala gia, kwa hiyo mzunguko mmoja wa miguu ni mzunguko mmoja wa tairi, basi. Ukienda nayo mbali miguu inachapa kama cherehani na bado hujapita soko. Wanaopita njia mbovu za mawe na mizizi huchukua inchi ishirini na nne yenye tairi nene. Wanaokwenda mbali juu ya lami huchukua ishirini na nane, maana mzunguko mmoja unakula njia kubwa.

Mimi nina safari ndefu. Nataka ya ishirini na nane, na nataka ifungwe na wewe.

Mpwa wako,
Hajra


Mkange
26 Juni 2024

Hajra,

Marahaba.

Barua nimeipata. Ishaka alikuwa ameikunja kama hirizi.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Baiskeli ina magurudumu mawili, na tangu nianze kazi hii mwaka 1986 sijaona mtu aliyekuja kulalamika kwamba moja limezidi. Nilikufundisha kufunga spoku ukiwa na miaka kumi na tatu. Mama yako, dada yangu, alikuwa ameshatangulia, nikasema mtoto huyu atakula ufundi wangu, na siku nikichoka kibanda kitakuwa chake. Wewe ukachukua ufundi huo huo ukaenda kukata baiskeli katikati, ukaniletea nusu yake Idi ya mwaka jana, watu wakacheka uani kwangu. Niliapa mbele yao: Wallahi, hicho kigurudumu hakitakanyaga tena ua huu. Kiapo kiko pale pale.

Hilo moja. La pili, umeandika kama mtu asiyefundishwa. "Safari ndefu" si kipimo. Mteja akija kwangu akasema anataka baiskeli ya kwenda mbali, namrudisha nyumbani akafikiri. Mbali kiasi gani? Lami yote au nusu? Kuna mchanga? Unabeba nini? Uzito wako siku hizi? Mguu wako kutoka kisigino hadi nyonga ni inchi ngapi? Usijipime mwenyewe, mwambie mwanamke mwenzako akupime umesimama ukutani.

Sijasema nitatengeneza. Nauliza tu.

Kwa uji ule wa hospitali, ahsante.

Mwinjuma, fundi


Magomeni, Bagamoyo
29 Juni 2024

Mkaza mjomba wangu, Bi Shufaa,

Shikamoo. Hii ni yako peke yako. Ukishaisoma iweke chini ya ndoo ya unga, asikofika Mjomba.

Unakumbuka siku ya operesheni ya ngiri, tulivyokaa kwenye benchi tangu adhuhuri, wewe unavuta tasbihi, mimi nahesabu vigae. Daktari alipotoka kusema utumbo umejisokota na hali si nzuri, mimi niliweka nadhiri. Nilisema moyoni: Ewe Mola, Mjomba akitoka humu mzima, nitatoka Bagamoyo hadi mlangoni kwake Mkange juu ya gurudumu moja, nimpe shikamoo pale. Mtu mwenye akili angeahidi kufunga, au kuchinja mbuzi. Mimi niliahidi kitu pekee ninachokijua vizuri, tena ndicho kilichotugombanisha.

Sasa Mjomba amepona, na nadhiri inadai. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa hapa mtaani, akasema naweza kuitolea kafara nikapumzika. Sitaki kupumzika. Sikuomba Mjomba apone nusu, na mimi sitalipa nusu. Na nikwambie kweli, naogopa. Kila nikisikia Mjomba amekohoa, nasema ni mimi huyo, nimechelewa.

Lakini tazama nilipokwama. Nadhiri yangu inaishia mlangoni kwake, na kiapo chake kinaanzia kwenye uzio. Nikiingia, namvunjia mtu mzima kiapo chake. Nisipoingia, navunja ahadi yangu kwa Mungu. Na akijua kwamba ni kwa ajili yake, hatagusa spoku hata moja, unamjua, hataki mtu ataabike kwa sababu yake. Gurudumu ningelipata Dar. Nataka litoke mikononi mwake, ili awe amekubali hata kidogo kabla sijafika.

Nifichie, tafadhali.

Wako,
Hajra


Mkange
4 Julai 2024

Mwanangu Hajra,

Marahaba. Barua iko chini ya unga na mimi niko juu yake nacheka na kulia.

Ulikosa nini cha kumwahidi Mungu, mtoto wewe? Watu wanaahidi kisomo, wanaahidi ubani, wewe unaahidi sarakasi! Haya, yameshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Sitamwambia. Lakini siri hii inanikaa vibaya, maana mumeo akikuuliza "unacheka nini" mara tatu kwa siku, uongo unakwisha.

Nikupe habari usizozijua. Tangu arudi hospitali Mjomba wako hajafungua kibanda. Alikwambia anafanya kazi? Hafanyi. Daktari alimkataza kubeba mizigo, na yeye akaona bora aache vyote. Spana zilikuwa ndani ya gunia, na mara mbili nimemsikia akimwambia Mtoro jirani kwamba ufundi wake umekwisha. Anakaa kizingitini anatazama barabara. Mimi ilikuwa ikiniumiza kuliko ule mshono.

Ilipokuja barua yako alikasirika vizuri kabisa, akazunguka uani akisema nusu baiskeli, nusu baiskeli. Halafu akaniuliza miwani iko wapi. Jana nimemkuta na futi kamba anapima rimu kuukuu. Nikajifanya sikuona.

Kwa hiyo mwandikie vipimo, haraka.

Mama yako,
Shufaa


Magomeni, Bagamoyo
8 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Vipimo ni hivi. Mguu, inchi thelathini na moja, amenipima mwenzangu nimesimama ukutani kama ulivyoagiza. Uzito, kilo hamsini na nne. Mzigo, chupa mbili za maji na kanga moja.

Safari ni kilomita hamsini na tano hivi, kwa siku moja. Zaidi ya nusu ni lami nzuri. Halafu kuna kokoto, halafu mchanga kama kilomita nane, halafu udongo mweusi ambao kiangazi hiki umekauka na kupasuka. Ni safari ya mazoezi tu, kwa ajili ya kikundi. Nitavaa suruali pana na ushungi wangu, usiwe na wasiwasi.

Bado nasema ishirini na nane, Mjomba. Nimeshaijaribu ya rafiki mmoja kwenye barabara ya Kaole. Inakwenda.

Mpwa wako,
Hajra


Mkange
17 Julai 2024

Hajra,

Marahaba. Ishirini na nane sikutengenezei.

Ishirini na nane ni ya kiburi. Juu ya lami kila mtu anaipenda, hata mimi. Lakini tairi yake ni nyembamba, na mchanga wa pale baada ya daraja haujali kiburi cha mtu. Nimesukuma baiskeli yenye magunia ya ufuta kwenye mchanga ule miaka ya tisini, nikaona tairi inazama hadi rimu. Nami nilikuwa na la pili la kunishikilia. Wewe huna.

Ishirini na nne yenye tairi nene ingekupitisha mchangani unaimba. Ila kabla ya mchanga kuna lami ya kilomita thelathini na zaidi, na hapo miguu ingekwisha, ukafika mchangani huna kitu.

Kwa hiyo ni ishirini na sita. Nimechukua rimu ya baiskeli ya gia na tairi yake pana. Nilipima kwa kamba: kila mzunguko unapoteza, ukilinganisha na ishirini na nane, urefu wa kalamu hii ninayoandikia. Kalamu moja kwa mzunguko si hasara, ni bei ya kutozama. Mikono ya pedeli nimekuwekea mirefu kidogo. Mifupi ni ya mbio, mirefu ina nguvu ya kukanyagia mchangani. Spoku thelathini na sita, nimezifunga mwenyewe moja moja, na rimu haichezi hata kwa unene wa ukucha.

Jambo moja nimeliongeza bila kuagizwa. Safari ni ndefu na una miguu ya binadamu. Nimekutilia friwili nzuri ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu, ili kwenye mteremko uache kukanyaga, upumzike.

Limefungwa juu ya basi la Ishaka. Mwambie asiliegemeze na magunia.

Mwinjuma, fundi


Magomeni, Bagamoyo
22 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na naandika nimelala kwa tumbo kwa sababu kukaa bado siwezi.

Gurudumu limefika na sijapata kuona gurudumu lililofungwa hivi. Nililizungusha, nikaweka kidole karibu na rimu, halikunigusa mahali popote. Kikundi kizima kilikuja kulitazama. Kuhusu ishirini na sita, umenishinda. Nililipeleka mchangani kule nyuma ya Kaole nikaona tairi inavyoelea. Mimi na ile ishirini na nane yangu tulikuwa tunajidanganya.

Ila friwili, Mjomba. Friwili imeniangusha mara tatu.

Kwenye baiskeli yako mtu akiacha kukanyaga gurudumu linaendelea, yeye anapumzika. Juu ya gurudumu moja hakuna kupumzika. Pedeli ndizo breki, ndizo usukani, ndizo ukuta wa kuegemea. Nilipanda, nikakanyaga nyuma nijizuie, miguu ikaenda hewani na mimi nikaenda chini. Nikasema labda ni mimi. Nikapanda tena. Nikapanda mara ya tatu kwa ubishi, ule niliourithi kwako.

Nimejua kwa nini umeiweka. Umeiweka kwa huruma. Lakini kwa hili moja huruma yako itanivunja kiuno. Naomba uitoe, habu ishikane na pedeli kabisa, kufa na kupona.

Nalirudisha na Ishaka. Usikasirike.

Hajra


Mkange
30 Julai 2024

Hajra,

Marahaba, na pole.

Miaka thelathini na minane sijarudishiwa kazi. Nilipomwona Ishaka anashusha gurudumu langu mwenyewe mbele ya kibanda, tena watu wapo, nilitamani ardhi ipasuke. Nikaisoma barua mara mbili. Halafu, nisikufiche, nikacheka. Shufaa akatoka jikoni kuangalia kama mshono umeachia.

Umesema kweli. Nilikaa siku mbili na gurudumu lile nimelipandisha mezani, nalisukuma mbele na nyuma kwa mkono, nikaona unachosema. Friwili ni starehe ya mtu mwenye gurudumu la pili. Nimeing'oa. Habu na ekseli nimezichomelea zikawa kitu kimoja, halafu nikapanda juu ya pedeli kwa uzito wangu wote nikiwa nimeshika nguzo, nione kama itateleza. Haikuteleza. Usimwambie Shufaa.

Sikujua kwamba kuna kitu cha baiskeli ambacho sijakijua. Nilidhani ufundi wangu nimeshafika mwisho wake. Kumbe bado.

Kibanda kimefunguliwa. Kuna watu wanne wanasubiri, nakatisha hapa.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Mkange
13 Agosti 2024

Hajra mwanangu,

Shika moyo kabla hujasoma. Mimi sijui niseme nini na simu sitaki, maana yuko hapa hapa uani na masikio yake mazima.

Mjomba wako anaaga.

Usinicheke. Alhamisi iliyopita aliniamsha akasema nipike ubwabwa wa watu kumi, na kitoweo cha mbuzi, na nisipunje. Nikauliza kuna nini? Akasema, "Pika tu, Mama." Hatuna arobaini, hatuna maulidi, hatuna harusi. Akatoka mwenyewe kuwaalika, na hakualika marafiki zake, alialika wale wasio na kitu hapa kijijini, yule kipofu wa kisimani, wale mabibi wawili wa kule bondeni, hivyo hivyo mpaka kumi. Akawahesabu kwa kidole. Mtoro jirani akasikia harufu akaja wa kumi na moja. Alimpa sahani, lakini akamkalisha pembeni akamwambia, "Wewe karibu sana, ila kwenye hesabu humo." Walipomaliza akawaomba dua, akainamisha kichwa muda mrefu. Mimi nasimama mlangoni na mwiko. Baba yake mzazi alifanya karamu ya namna hiyo wiki mbili kabla ya kufa.

Hilo ningelimeza. Lakini Jumamosi kachukua panga akakata nguzo mbili za uzio pale mlangoni. Uzio usio na kasoro! Mlango wetu ulikuwa unapita mtu mmoja na ndoo yake. Sasa linapita jeneza na wabebaji wake, kulia na kushoto. Nikamuuliza, kwa nini unaupanua mlango, baba? Akasema, "Utahitajika." Neno hilo moja tu, akaendelea kufagia.

Anakula vizuri, anafanya kazi, usiku analala. Hilo ndilo linalonitisha, ametulia mno. Nimemuuliza kama tumbo linauma, anasema haliumi. Watu wa namna yake husema haliumi hadi kaburini.

Kama ile nadhiri yako ina ukweli wowote mbele ya Mungu, mwanangu, usiichelewe tena.

Shufaa


Magomeni, Bagamoyo
Alhamisi, 15 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Leo sikufichi kitu.

Hakuna mazoezi ya kikundi. Siku uliyokuwa chumba cha operesheni niliweka nadhiri: ukipona, nitakuja kutoka Bagamoyo hadi mlangoni kwako kwa gurudumu moja, nikuamkie hapo. Gurudumu ulilolifunga ni la kuja kwako. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umeapa, na kwa sababu niliogopa utaniambia nitoe kafara.

Nimesikia habari za ubwabwa na za uzio. Kama unaumwa, nakuomba kwa haki ya mama yangu uende hospitali leo, usinisubiri. Na kama ni mimi, kama ni kuchelewa kwangu ndiko kulikoyarudisha maradhi, basi naja. Jumapili nikishaswali alfajiri natoka. Nimekwenda Makurunge na kurudi mara tano na gurudumu lako, miguu iko tayari.

Kiapo chako nitakiheshimu. Nitashuka kwenye uzio, nitakuamkia kutoka nje. Mungu anaona umbali ule ni hatua ngapi, atanisamehe zilizobaki.

Mjomba, usife. Sina mwingine wa kumwita hivyo.

Hajra


Mkange
Ijumaa, 16 Agosti 2024, baada ya swala

Hajra,

Marahaba! Nimemwomba Ishaka asubiri, dereva anapiga honi, kwa hiyo naandika haraka.

Sifi. Ni mzima, mshono umekauka, jana nimekula ugali wa watu wawili. Shufaa amenililia niko hai, na sasa ninapoandika anacheka na ananitukana kwa zamu.

Sikiliza. Uliponiandikia kilomita hamsini na tano, lami, halafu kokoto, halafu mchanga, halafu udongo mweusi uliopasuka, ulidhani unamwandikia nani? Njia hiyo nimeisukuma baiskeli miaka thelathini. Hakuna nyingine. Nilijua siku ile ile kwamba unakuja hapa. Sababu sikuijua, hadi Jumatano ya wiki iliyopita nilipoingia jikoni kutafuta unga wa gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Chini ya ndoo ya unga, Hajra! Huko ndiko mlikoona hafiki mtu.

Niliisoma pale pale nimesimama. Nilikaa chini jikoni. Sikuwahi kujua kwamba mtu aliniombea namna hiyo, tena mtu niliyemfukuza na kigurudumu chake mbele ya watu.

Basi nikafikiri. Mtoto ana nadhiri, mimi nina kiapo, na vimekutana kwenye uzio kama mbuzi wawili darajani. Mmoja lazima arudi nyuma. Wewe uliahidi jema. Mimi niliapa kwa hasira. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mtu akiapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, afanye lililo bora na atoe kafara. Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi. Ndiyo maana walikuwa kumi, ndiyo maana Mtoro hakuwemo, Mtoro ana ng'ombe! Sikumwambia Shufaa kwa aibu tu. Kiapo nilikitamka mbele ya watu nikiwa na hasira, na kukifuta nilitaka kukifuta kimya kimya. Nimekoma. Mwanamke amebaki siku nane ananichunguza ninavyopumua.

Na uzio, huo ni wako. Siku ile ya Idi niliona unavyotanua mikono ukiwa juu. Mlango wetu ungekukwangua viwiko. Nimeupima kwa futi kamba, mikono yako inapita na nafasi inabaki. Kwa hiyo marufuku kushuka kwenye uzio. Nadhiri ni mpaka mlangoni, na mlango ni huu wa nyumba.

Ukivuka daraja la Wami, kabla ya mchanga, toa upepo kwenye tairi hadi kidole gumba kizame kidogo ukiibonyeza. Ukifika kwenye udongo mweusi, jaza tena. Pampu atakuwa nayo Ishaka, nimemwambia apunguze mwendo akikuona.

Shufaa anasema vaa soksi.

Mjomba wako


Mkange
30 Agosti 2024

Hajra,

Marahaba.

Hiyo ni ya Jumapili ile uliyofika. Uliingia baada ya alasiri, ushungi wote vumbi, ukanizunguka mara moja uani, ukasimama mbele ya mlango juu ya gurudumu lile unasogea mbele na nyuma, ukasema "Shikamoo Mjomba," na mimi nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Watu walidhani nimekasirika. Nimeona niiandike, isije ikabaki haina mwenyewe.

Huku tu salama. Shufaa amefagia ua kila asubuhi tangu uondoke, na kila asubuhi anauzungusha ufagio asiguse ule mstari mmoja wa tairi unaotoka uzioni hadi kizingitini. Upepo umeshaula nusu. Hataki kusikia.

Uzio sijaurudisha. Mtoro anasema ng'ombe wake wataingia, nimemwambia na waingie.

Nimelikagua gurudumu kwa kumbukumbu. Ulisema kwenye mchanga lilikuwa linavuta kushoto kidogo. Hiyo si rimu, ni siti yako, ilegeze uigeuze kiasi cha nukta, halafu ikaze. Ukija tena nitaitazama mwenyewe.

Sasa nina agizo, na safari hii mimi ndiye mteja, kwa hiyo naandika vipimo. Mguu, inchi thelathini na tatu, amenipima Shufaa ukutani huku anasoma istighfari. Uzito, kilo sitini na nane. Umri, miaka sitini na mmoja. Njia, kutoka kibandani hadi kwenye kizingiti cha nyumba, hatua arobaini, ardhi ngumu, nguzo za kushikilia zipo. Daktari alinikataza kubeba mizigo. Juu ya gurudumu moja hakusema neno.

Uliniandikia mwenyewe kwamba anayejifunza huanza na inchi ishirini. Basi kile kigurudumu nilichokiapia, Ijumaa ijayo njoo nacho.

Mjomba wako,
Mwinjuma